Sauti Isiyovuka Mlango

Siku ya kwanza Katekista aliponikaribisha kwake, nilidhani nimekaribishwa na mtu aliyechanganyikiwa. Aliweka sahani ya santuri kwenye mashine, akashusha sindano polepole, kisha badala ya kukaa asikilize kama watu wengine, akatoka akaenda kusimama kizingitini. Alinipa mgongo, kichwa amekiinamisha kidogo upande. Akarudi, akapunguza volyumu kiasi cha unywele, akatoka tena. Alipohakikisha kwamba pale mlangoni hasikii kitu, ndipo aliporudi na kukaa ubavuni mwa spika, goti likigusa mbao zake, akafumba macho.

Mimi nilikuwa kwenye kochi, mbele kabisa, na nilichosikia ni mvumo. Chini ya mvumo, mbali sana, mtu alikuwa akiimba na kupiga ritungu, zeze lile kubwa la Wakurya. Nikanywa chai yangu nikasema wimbo ni mzuri, maana mgeni hakosi la kusema.

Alizaliwa lini na ni wa ukoo gani, sitasema. Kule ukishataja ukoo wa mtu umeshachagua upande, na mimi niliishi Nyanungu miaka yote ile kwa kutochagua. Mimi ni mtu wa Nata, Serengeti; nilipelekwa kule kufundisha shule ya msingi, nikazoea, nikabaki. Sasa nimerudi kwetu, na sina mpango wa kwenda tena. Yeye tulimwita Katekista hata baada ya kanisa kumpumzisha na kuweka mtu mwingine. Yule mwingine ana wajukuu, lakini mpaka naondoka alikuwa bado anaitwa “yule kijana wa kanisani.”

Mashine ya kuzungushia sahani aliachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao uzeeni, pamoja na sindano yake, sindano nzuri ambayo hata mimi nilikuwa sijaiona kwa muda mrefu. Amplifaya hakuachiwa. Hiyo aliipata mwenyewe Tarime mjini, ya kawaida tu, na hapo ndipo ulipoanzia ugonjwa wa muziki wake.

Ugonjwa ule niliujua kwa sababu baba yangu alikuwa mtunza vyombo vya muziki katika hoteli ya watalii huko mbugani, na nyumbani tulilelewa kwa maneno yake. Sindano hazilingani, alikuwa akituambia. Zipo zinazosema kwa nguvu, na hizo ndizo nyingi. Zipo nyingine chache, laini, umeme zinaoutoa ni mdogo mno, hizo zinanong'ona. Mashine inayopokea sharti ijue inaongea na nani. Sindano inayonong'ona ukiiunganisha na amplifaya iliyozoea wapayukaji, utazungusha volyumu mpaka mwisho na utakachovuna ni mvumo. Dawa yake ni kiboksi kidogo kinachokaa katikati ya hivyo viwili, kinachouinua mnong'ono kabla haujafika kwenye amplifaya. Lakini kiboksi hicho, baba alionya, kikishaingia, volyumu lazima ianzie chini kabisa, la sivyo utawaamsha wafu.

Nilimweleza Katekista yote hayo, kwa kiherehere cha mwalimu mgeni. Nikajitolea kumtafutia kiboksi Mwanza likizo ikifika. Alinisikiliza hadi nukta ya mwisho, halafu akasema anajua, padri alishamwambia.

“Hivi viwili haviwezani, Mwalimu,” alisema, akiitazama mashine yake kwa mapenzi. “Ndiyo maana vinanifaa.”

Nilikwenda zangu nikisema moyoni, huyu ni mkaidi, na mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Basi alikuwa mtu wa sauti ndogo, na kijiji kizima kilimtania kwa hilo. Vijana wa kanisa waliponunua spika kubwa za ibada, yeye alikaa makusudi karibu na ile mashine, na kila wimbo ulipopamba moto mkono wake ulinyooka ukarudisha volyumu nyuma. Walimbadilishia kiti. Akahama na kiti. Mwisho walikibandika kile kitufe kwa gundi ya karatasi, na Jumapili iliyofuata wakakuta gundi imebanduliwa na kukunjwa vizuri juu ya mashine, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Hakuulizwa na hakukana.

Lakini huyo huyo ndiye aliyefundisha watoto wangu wa darasa la tatu kuimba hadi mishipa ya shingo ikawatoka. Alikuwa akisema, mtoto asiyepaza sauti anaficha kitu. Nilipomuuliza kwa nini basi nyumbani kwake santuri inanong'ona, alicheka, akanijibu kwamba kila neno lina chumba chake, na lingine chumba chake ni kidogo. Alisema mambo ya namna hiyo halafu akaendelea kula karanga.

Masikio yake yalikuwa mali ya kijiji. Aliweza kukwambia ng'ombe wa jirani gani anakohoa. Wezi wa mifugo walipokuwa wameshamiri, wazee walimfuata yeye ili asikilize upande wa kijito, na akisema kuna kwato, watu walichukua mishale yao bila kuuliza swali la pili. Hakuwahi kukosea, na hilo lilimtia hofu yeye mwenyewe kuliko wezi. Aliwahi kuniambia kwamba mtu akiaminiwa sana sikio lake, siku likifa watu hawatajua.

Kijito hicho ninachokitaja ni chembamba; kiangazi mtu anakivuka bila kuvua viatu. Upande wetu ukoo mmoja, ng'ambo ukoo mwingine, na katikati yao kuna damu nyingi kuliko maji. Mke wa Katekista alitoka ng'ambo. Alikuwa mama mkimya, mwenye mikono mikubwa ya kazi, na jambo moja nililibaini kwake mapema: kila mumewe alipoishusha ile sahani kutoka juu ya kabati, yeye alichukua jembe lake akaenda shambani, hata kama amerudi sasa hivi.

Sababu niliambiwa mchana mmoja wa mavuno. Tulikuwa tunapukuchua mahindi uani, mimi na Katekista tu. Nilikuwa nimerudia tena habari ya kiboksi, maana na mimi nina ukaidi wangu. Akaweka gunzi chini.

Aliyeimba kwenye sahani ile, alisema, ni baba yake. Zamani, mtu mmoja wa ng'ambo alikuwa rafiki wa boma lao. Alikula pale, alilala pale, alijua mlango wa zizi unafungwaje. Kisha akawaonyesha wenzake njia. Ng'ombe waliondoka, na kaka mkubwa wa Katekista akauawa mlangoni mwa zizi. Muda si mrefu wakapita watu wenye gari la kurekodi nyimbo za kienyeji. Baba akachukua ritungu lake akaimba yote, na katika ubeti wa mwisho akamtaja mgeni yule kwa jina, kwa nguvu, na akasema alichofanya. Sahani ziliporudi zikauzwa huku na huku, zikapigwa vilabuni. Kila zilipopigwa watu wakashikana, na mara nyingi mtu hakurudi nyumbani.

Baba alipokwisha kufariki, wazee wa pande zote mbili waliita ritongo, mkutano mkuu wa ukoo, wakala kiapo. Jina lile na tendo lile visitamkwe pamoja kwa sauti tena milele. Atakayevitamka ameifungua damu upya, na hakuna wa kuifunga. Sahani zikakusanywa, zikavunjwa juu ya jiwe. Ilibaki ya Katekista.

“Niliwaomba,” alisema. “Wimbo ukiisha, wale watu walikuwa hawajazima mashine yao. Baba anaweka ritungu chini, ananiita mimi. Nilikuwa mdogo, nimesimama pembeni. Ananiita jina langu, anasema niletee maji. Sina mahali pengine ambapo baba ananiita, Mwalimu.”

Wazee waliteta, kisha wakampa kipimo. Abaki na sahani, lakini isiseme kwa sauti ambayo mtu aliyesimama mlangoni ataisikia. Kinachoishia ndani ya kizingiti hakijatamkwa. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na masikio, alikabidhiwa kujipima mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini asiinue sindano kabla ya ubeti ule, akaishusha mbele. Akasema alijaribu zamani, mkono ukatetemeka, sahani ikapata mkwaruzo, na tangu hapo haigusi katikati. Njia ya kwenda kwa baba inapita hapo, alisema, na yeye hana nyingine.

Nilitaka pia kujua kwa nini ananiambia mimi. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mvua inanyesha.

“Wewe si wa huku wala wa kule. Ukijua wewe, hajajua mtu. Na mashine unaijua. Ikipata nguvu siku moja, wewe ndiye utakayeng'amua kabla ya wengine.”

Sikujua nishukuru au ninune. Nilijua tu kwamba mzigo umehamishwa, na kwamba chai ya siku ile ya kwanza sasa imelipiwa. Tangu hapo sikuzungumzia kiboksi tena, na nilipokwenda kwake macho yangu yalitangulia kwenye volyumu. Palikuwa na alama pale, doa la rangi nyekundu ya kucha, aliloliweka yeye mwenyewe mahali ambapo sauti ilifia kizingitini. Kitufe hakikuvuka doa lile, na miaka ikapita.

Wazee wa kiapo walianza kwenda, mmoja baada ya mwingine. Nilihudhuria mazishi yao, na kila mara niliona Katekista akitazama kaburi kwa namna ya mtu anayehesabu wenzake waliobaki. Mwisho akabaki peke yake. Vijana walirithi chuki bila kurithi kiapo. Walijua wanamchukia nani, hawakujua walikatazwa nini. Mifugo ikaanza kuvuka tena. Asubuhi moja wanafunzi wangu waliniletea mshale waliouokota njiani, wakanikabidhi kama walivyozoea kunikabidhi kalamu zilizopotea. Niliufungia kabatini.

Na masikio yakafa, kama alivyosema, bila watu kujua. Mimi nilijua kwa sababu ya salamu. Nilimwambia shikamoo akiwa amenipa kisogo, akaendelea kufunga mbuzi. Nikarudia. Alipogeuka akaniona, akaitikia marahaba kwa furaha, akaniuliza nimefika saa ngapi. Baada ya hapo nilimwona kwenye mikutano akitazama midomo ya watu. Alijibu vizuri, maana alikuwa na busara ya kutosha kujibu hata asichokisikia. Lakini nyumbani alikaa na spika shavu kwa shavu, na nilipomtazama usoni niliona mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

“Baba ananyamaza,” aliniambia siku moja. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nasema kweli.

Nilipaswa kuogopa zaidi ya kulia.

Ilikuwa msimu wa masika, ng'ombe wa ng'ambo wameibwa, na gari la polisi lilikuwa limepita mara kadhaa. Ritongo lilipangwa kesho yake. Wajumbe wa ng'ambo walikuwa waje mchana kwa Katekista kuweka mambo sawa kabla, kwa sababu alikuwa mzee pekee ambaye pande zote zilikuwa tayari kuketi uani kwake. Nilikuwa natoka shuleni nilipokutana njiani na mwanawe, yule anayefanya biashara Sirari, yuko juu ya pikipiki anarudi zake.

“Mwalimu, leo nimemsaidia mzee,” akaniambia. “Hiyo kitu yake ilikuwa imelala kabisa. Nimemwekea kaboksi fulani, kanaongeza nguvu. Saa hii ataskia fiti.”

Nilimuuliza kama amempunguzia volyumu. Akasema mzee hataki mtu aguse pale kwenye alama yake, si ninamjua. Akapiga kiki akaondoka. Mimi nikaanza kukimbia, na sijui mara ya mwisho mwalimu wa umri wangu alikimbia lini katika njia ile.

Nilipofika, wageni walikuwa wameshaketi uani kwenye viti vya plastiki, wamepewa uji. Walikuwa wanaume watupu, wenye nyuso zilizofungwa. Miongoni mwao alikuwemo fundi aliyeezeka madarasa yetu, mtu mpole, asiyepita kwa mkubwa bila kuinama. Alikuwa mjukuu wa yule mgeni wa zamani aliyetajwa kwenye sahani, na kama desturi ilivyo, alikuwa amerithi jina la babu yake. Aliniamkia. Niliitikia nikiwa nimeshapita.

Katekista alikuwa sebuleni, anafuta sahani kwa kitambaa chake cha pamba. Alifurahi kuniona. Alisema anataka kumsikia baba kidogo kabla hajakaa na wageni, apate nguvu ya kusema nao. Mkewe alipita mlango wa nyuma na jembe mkononi. Nikasogea karibu na uso wa Katekista ili aone midomo yangu, nikamwambia kiboksi kimeongeza nguvu, alama ile si alama tena. Akatikisa kichwa akitabasamu, akanionyesha kitufe kwa kidole.

“Alama iko palepale, Mwalimu.”

Akashusha sindano. Mvumo haukuwepo. Niliwahi kuisikia sahani ile mara nyingi na nilikuwa sijaisikia kabisa. Ritungu lilijaa chumbani, kila uzi na mtikisiko wake, na sauti ya mwanamume ikatoka humo, nene, hai, ya mtu aliye kwenye kiti cha pili. Vikombe vya kabatini vililia. Nikarukia kitufe nikakirudisha nyuma. Katekista akaushika mkono wangu, bila nguvu, akanitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa amemsikia baba yake, na mimi nilikuwa nimemnyamazisha. Akakirudisha kitufe penye alama kwa uangalifu ule ule wa siku zote.

Kisha akafanya alichokuwa amefanya maisha yake yote. Akainuka, akaenda kusimama kizingitini, akainamisha kichwa kidogo upande, akasikiliza. Hakusikia kitu pale. Niliona mabega yake yakilegea kwa kuridhika, kipimo kimetimia, kiapo kiko salama.

Mbele yake, uani, wageni wote walikuwa wameacha uji wao. Mimi nilikuwa nikihangaika na madirisha, nimefunga moja, la pili limekwama kwa unyevu wa masika, na wimbo ulikuwa umefika ubeti wa mwisho. Jina silitaji. Kiapo hakikuwa changu, lakini nakishika. Sauti ya mzee yule ililiita jina lile kwa nguvu, mara moja, likatoka sebuleni likapita juu ya bega la Katekista hadi uani.

Fundi alikuwa amelelewa vizuri. Mzee akiita jina lako kutoka ndani ya nyumba, unasimama. Akaweka kikombe chini, akasimama wima, akaitika kama anayeitwa na baba.

“Naam, tata.”

Na wimbo ukaendelea kumwambia yale liliyoyafanya jina lake. Wenzake wakaanza kuinuka, kiti kwa kiti. Nyuma yangu ritungu likanyamaza, na baba akamwita mwanawe mdogo amletee maji. Lakini mwanawe alikuwa mlangoni na hakusikia. Alimwona tu fundi amesimama, akadhani anataka kuaga mapema, akamnyooshea mkono kwa upole akae.